Mapishi ya kupunguza unene yasitafutwe mbali

Limezuka miongoni mwa watumishi wa serikali na walimu jambo ambalo halina budi kuzungumzwa waziwazi. Mtumishi aliyeambiwa na daktari kwamba apunguze uzito hutoka hospitali na kuanza kuhangaikia mapishi ya kigeni: mkate wa unga wa lozi, koliflawa iliyokunwa ikaitwa wali, mafuta ya zeituni, na unga wa kopo unaosemekana kuyeyusha kitambi kwa siku saba. Mshahara unakatika kabla ya nusu ya mwezi, vyakula hivyo vinakwisha, na mtumishi anarejea kwenye sahani yake ya zamani akiwa na kitambi kile kile, na deni juu yake.

Nia yake si mbaya. Wakati mmoja kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya cheo na neema, ingawa wachoraji wa vibonzo wa siku za Ujamaa walikitumia kumtambulisha mnyonyaji. Leo kinafahamika kuwa jirani wa kisukari na shinikizo la damu. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 ulionyesha kuwa kiasi cha robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na uzito uliozidi, na wanawake wenye hali hiyo walikuwa zaidi ya mara mbili ya wanaume. Anayetaka kupungua, basi, anastahili kusaidiwa wala si kuchekwa.

Mapishi hayo ya kigeni yana historia yake. Mwaka 1863 mzishi mmoja wa London, William Banting, alichapa kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi, kama alivyoshauriwa na daktari wake. Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Robert Atkins, akatoa kitabu kilicholieneza shauri la namna hiyo mbali zaidi. Wote wawili waliwaandikia watu ambao nyama ndiyo kiini cha mlo wao, na mkate huwekwa pembeni. Kwa mwalimu wa Nzega au karani wa Songea mambo ni kinyume. Kwake ugali ndio chakula chenyewe, na chochote kinachousindikiza huitwa mboga, hata kikiwa nyama ya mbuzi. Lugha yenyewe imekwisha kusema kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo katika sahani, na hapo ndipo penye kazi.

Robo kilo ya unga wa sembe, ambayo mtu mmoja mwenye hamu anaweza kuimaliza katika mlo mmoja, ina kalori zipatazo 900. Mkulima aliyeshinda na jembe anazitumia zote kabla jua halijazama. Mtumishi anayekaa juu ya kiti kuanzia saa moja na nusu asubuhi hana pa kuzipeleka, nazo hugeuka mafuta kiunoni. Wako wanaodhani wamepata dawa kwa kuacha sembe na kula ugali wa dona, wa ulezi au wa muhogo. Ni kweli kwamba dona na ulezi vina makapi yanayoshibisha na vinafaa kuliko sembe. Lakini kalori zake hazipishani sana na za sembe, na unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Aliyebadili unga bila kupunguza ukubwa wa bonge hajabadili kitu.

Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani kilitangaza mwaka 2018 matokeo ya jaribio la watu wazima 609 waliofuatwa kwa miezi 12. Kundi moja lilipunguza wanga, jingine likapunguza mafuta. La kwanza lilipungua wastani wa kilo 6.0 na la pili kilo 5.3, tofauti ambayo wataalamu hawakuihesabu kuwa na maana. Jambo la kuzingatia ni kwamba makundi yote mawili yaliagizwa kupunguza sukari na unga uliokobolewa, na kula mboga kwa wingi. Hakuna katika agizo hilo kisichopatikana katika soko la Kariakoo, au la Mwanjelwa.

Gramu 100 za mchicha mbichi hazifikishi kalori 30. Matembele, bamia, mlenda, kabichi na nyanya chungu havitofautiani nao sana. Kinachoharibu ni mkono wa mpishi, kwa kuwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na wengi humimina mafuta sufuriani bila kupima. (Ndugu wa pwani watasononeka kusikia kwamba tui zito la nazi nalo limo katika hesabu hiyo.) Dagaa wakavu wakioshwa, wakakaangwa kikavu, kisha wakatiwa nyanya, kitunguu, pilipili hoho na ndimu, ni kitoweo kinachoshibisha bila wanga. Sahani ikijaa mboga nusu yake, dagaa au maharage robo, na ugali robo iliyobaki, mapishi yanayotafutwa yamekwisha kupatikana.

Lakini mwenye nyumba asiwalazimishe wote nyumbani kufuata sahani yake. Mwaka 2022 watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Mtoto anayekua anahitaji nguvu ya ugali, na mafuta kidogo katika mboga yake. Naye mgonjwa wa kisukari anayetumia vidonge au sindano asipunguze wanga ghafla kabla ya kumwona daktari, kwani sukari yake inaweza kushuka hata akazirai.

Iko pia sehemu ya waajiri. Saa nne asubuhi katika ofisi na vyumba vya walimu huletwa chai yenye sukari tele, maandazi na chapati. Katika semina, kwa fedha za umma, kila mjumbe huwekewa soda, wakati chupa moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, na Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba mtu ajitahidi asipite vijiko 6 hivi kwa siku nzima. Maofisa wanaoidhinisha vocha za semina hawangoji sheria mpya ili waandike maji, ndizi, mapapai na mayai ya kuchemsha badala ya soda na sambusa. Na wapishi wa kantini wakiagizwa kuongeza upawa wa mboga na kupunguza mwiko wa ugali, gharama ya sahani haitapanda kwa kiasi cha kumfanya mhasibu yeyote alalamike.