Watoto wetu na historia isiyozungumzwa

Mtoto wetu aliyezaliwa Muscat, Dubai au London akiuliza kwa nini babu yake aliondoka Zanzibar mwaka 1964, husimuliwa kisa chote, na machozi juu yake. Akiuliza nani walikuwa wakichuma karafuu za babu huyo, na nani akipika jikoni mwake, huambiwa: "Hayo yaache mwanangu. Yaliyopita si ndwele."

Basi na methali yenyewe inaendelea: tugange yajayo. Utagangaje maradhi usiyotaka hata kuyataja?

Mtoto haachi kuuliza. Jawabu atalipata skuli, kwa wenzake, au kwenye simu, na mara nyingi atalipata kwa kebehi. Akirudi nyumbani atakuwa na mawili: kuwaonea haya wazee wake, au kubisha kila kitu. Yote mawili hayamfai.

Mimi nilisoma sekondari ya misheni. Historia ilikuwa kukariri mikataba na majina ya wapelelezi, na fasihi ilikuwa kipindi kingine kabisa. Nilipokuja kusomesha mwenyewe, njia iliyonifaa kuliko zote ilikuwa kuchagua mada moja, kuweka riwaya na tarehe za kweli pamoja mezani, halafu kuwaacha wanafunzi wazungumze. Nashauri njia hiyo itumike katika madarasa yetu ya Kiswahili ya mwisho wa wiki, kwa watoto wa miaka 14 kwenda juu.

Chukua mada hii: nyumba na watumishi wake. Kitabu cha kwanza ni kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza maisha ya jumba la Mtoni kwa mapenzi makubwa, na anautetea utumwa wa kwao. Cha pili ni Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, ya mwaka 1978. Humo tunamuona bwana shamba, lakini tunamuona pia Kijakazi, mtumishi anayemhudumia kwa moyo wake wote. Kisha andika ubaoni tarehe tatu: 1873, soko la watumwa Zanzibar lilipofungwa, 1897, sheria ilipoacha kuutambua utumwa, na 1909, masuria nao walipoingizwa katika sheria hiyo.

Hebu sasa uliza: katika kila kitabu, nani anasema na nani anasemewa? Kwa nini tangu kufungwa soko mpaka kuondoka utumwa katika sheria ipite miaka 24? Na kwa nini masuria wangoje 12 zaidi? Hapo mwanafunzi mmoja atakumbuka kwamba mama yake Salme mwenyewe alikuwa suria, Mcherkesi. Darasa litanyamaza kidogo, halafu litachangamka. Ghafla mambo hayagawiki tena kirahisi kati ya "sisi" na "wao".

Kazi ya mwalimu ni kulinda mazungumzo. Kila asemaye aonyeshe ukurasa au tarehe anayoitegemea. Asiwepo mtoto wa kutakiwa kujibu kwa niaba ya ukoo wake. Mwalimu asitoe rai yake mwanzo, maana akishasema yeye, watoto watafuata tu. Mzee akialikwa kusimulia aliyoyaona, aje mwisho, wakati watoto wana maswali tayari.

Najua watakaosema kwamba hivi ni kuwafundisha watoto kuwalaumu wazee wao. Nawaheshimu, kwa sababu wengi wao walizika ndugu zao baada ya tarehe 12 Januari 1964, na wengine hata kuzika hawakupata. Msiba huo ni wa kweli, na lazima watoto waujue. Lakini mtoto anayeweza kumlilia babu yake aliyeuawa anaweza pia kumlilia mtu aliyeuzwa sokoni. Moyo wake una nafasi ya wote wawili. Na asipoyajua ya kabla ya 1964, hata huo msiba wetu hatauelewa. Atadhani chuki ilishuka kutoka mbinguni usiku mmoja.

Tena, wengi wetu damu zetu zimechanganyika. Bibi zetu wengine walitoka bara, na majina yao hayamo katika shajara tunazozitundika ukutani. Kuwazungumza ni kuwarejesha nyumbani.

Si lazima tungoje darasa. Ijumaa, baada ya kula, familia ikiwa imekaa pamoja, somesheni kurasa tatu za kitabu kimojawapo, kisha mumuulize mdogo kuliko wote ameona nini. Wazee wenzangu, tumpe mtoto nafasi amalize kusema kabla hatujamjibu.