Akaunti za mashine nazo ziwe na mwenyewe

Na Zuhura Makame

Mfanyakazi akiacha kazi, ofisi inajua la kufanya. Anarudisha kitambulisho na kompyuta, barua pepe yake inafungwa, jina lake linatoka kwenye orodha ya mishahara. Lakini ile akaunti aliyoifungua ili programu ya mauzo isome taarifa za wateja kila usiku, hakuna anayeiulizia. Inaendelea kuingia kwenye mfumo kwa nywila ile ile na kwa mamlaka yale yale.

Mifumo yetu imejaa akaunti za namna hii. Tovuti ya duka inapotuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, au shule inapowatumia wazazi ujumbe wa kukumbusha ada, hakuna mtu anayekaa akaandika nywila. Programu moja inajitambulisha kwa nyingine kwa ufunguo wake. Bila akaunti hizo kazi zingesimama. Hatari ni kwamba nyingi hazina mwenyewe.

Yaliyozipata kampuni mbili za Marekani mwaka 2023 yatufunze. Okta ni kampuni ambayo kazi yake ni kuthibitisha utambulisho wa watumiaji katika mifumo ya kampuni nyingine. Kuanzia mwishoni mwa Septemba, wadukuzi waliingia kwenye mfumo wake wa huduma kwa wateja kwa kutumia akaunti ya mashine. Okta ilieleza kuwa nywila ya akaunti hiyo ilikuwa imehifadhiwa kwenye akaunti binafsi ya Google ya mfanyakazi. Faili za wateja 134 zilifikiwa.

Miongoni mwa wateja hao ilikuwamo Cloudflare, kampuni inayolinda tovuti za wengine. Ilibadilisha funguo zake zilizovuja, ikaacha nne kati ya maelfu: tokeni moja na akaunti tatu za mashine. Ziliachwa kwa sababu ilidhaniwa hazitumiki. Novemba, wadukuzi wakazitumia kufikia nyaraka za ndani na sehemu ya msimbo wa programu zake. Cloudflare ilisema data za wateja hazikuguswa, lakini ililazimika kubadilisha funguo zaidi ya 5,000.

Tuzingatie sababu hiyo: ilidhaniwa hazitumiki. Kama akaunti haitumiki, hiyo ndiyo sababu ya kuifuta, wala si sababu ya kuiacha. Na kama kampuni yenye wataalamu wa usalama wa kiwango hicho ilikosea, ofisi yenye fundi mmoja wa Tehama isijidanganye kuwa iko salama.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila akaunti ya mashine iandikwe: nani anaiwajibikia, inafanya kazi gani, inafika wapi. Ipewe mamlaka ya kazi yake tu. Programu ya kusoma ripoti haina haja ya uwezo wa kufuta data. Ufunguo wake uwe na tarehe ya kuisha. Wanaounganisha mifumo yao na M-Pesa kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha programu, wanajua kuwa tokeni wanayopewa huisha baada ya saa moja. Huo ni utaratibu mzuri, lakini hausaidii kitu ikiwa ufunguo wa siri unaoiomba tokeni hiyo umeandikwa ndani ya msimbo na kila fundi aliyepita anao. Mwenye akaunti akihama, akabidhi akaunti zake kwa jina, na funguo zibadilishwe siku hiyo hiyo.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na hazimpi nafuu kwa kuwa mlango ulifunguliwa na akaunti isiyo ya mtu.

Wakurugenzi, wiki hii waombeni watu wenu wa Tehama orodha ya akaunti za mashine, kila moja na jina la mtu anayeiwajibikia. Isiyo na jina, ipeni mwenyewe au ifungeni.