Redio ya ridhaa isigeuzwe sanduku la siri

Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, zaeleza kwa maneno machache redio ya ridhaa ni kitu gani. Ni huduma ya mawasiliano kwa madhumuni ya kujifunza, ya kuzungumza na ya kuchunguza mambo ya ufundi, ifanywayo na watu walioruhusiwa rasmi, wapendao ufundi wa redio kwa nafsi zao na wasiotafuta faida ya fedha. Jambo la kwanza kutajwa ni kujifunza. Hapo ndipo penye msingi wa heshima yote waliyopewa watu hao: kutengewa masafa ambayo makampuni yangeyalipia fedha nyingi, na kupewa alama za mwito zitambulikazo dunia nzima, kama vile 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya na 5X kwa Uganda.

Kwa miaka mingi sharti hilo la kujifunza halikumsumbua mtu ye yote. Aliyetaka kujua redio yake inavyofanya kazi alifungua kifuniko, akafuata nyaya mpaka kwenye valvu, na mchoro wa nyaya hizo ulikuwamo kitabuni. Msimbo wa Morse ulienea katika karatasi moja. Hata kompyuta zilipoingia mambo hayakubadilika. Mwaka 1978 wanaredio wa ridhaa wa Montreal, Kanada, walianza kupelekeana habari kwa vifurushi vya data. Mwaka 1998 Mwingereza Peter Martinez alipotoa PSK31, mtindo wa kuandikiana usiohitaji zaidi ya hezi thelathini na kitu za upana wa masafa, alitoa pamoja nao jedwali la herufi zake zote, na watu wa nchi nyingi wakaandika programu zao wenyewe.

Mambo yaligeuka ilipofika zamu ya sauti ya kidijitali. Yafaa kwanza ieleweke jinsi sauti hiyo ipatikanavyo. Katika simu za kawaida za kidijitali, sauti ya mtu mmoja huchukua biti 64,000 kwa kila sekunde. Mzigo mkubwa namna hiyo haupiti katika njia nyembamba ya redio. Kwa sababu hiyo hutumika kodeki, yaani utaratibu wa kuibana sauti ambao kwa kweli haupeleki sauti yenyewe. Kila sekunde hukatwa vipande 50, na kwa kila kipande hupelekwa maelezo tu: sauti iko juu au chini kiasi gani, koo latetema au hewa yapita tu, na kinywa kimeiumba sauti hiyo namna gani. Redio ya upande wa pili huyasoma maelezo hayo na kuitunga sauti upya. Katika mtindo wa D-STAR maelezo ya kila kipande ni biti 48, ambazo ni biti 2,400 kwa sekunde, na juu yake huongezwa nyingine za kusahihisha makosa ya njiani. Kwa hakika msikilizaji hamsikii rafiki yake hata kidogo. Asikiacho ni mashine inayomwigiza rafiki yake, nayo humwigiza vizuri kiasi cha kumtambua.

Huu ni ufundi wa kustaajabisha, na ndio hasa ambao kijana apendaye redio angepaswa kuufahamu. Lakini hauko wazi kwake. Kodeki hiyo, iitwayo AMBE, ni mali ya kampuni ya Marekani, Digital Voice Systems. D-STAR yenyewe ilitokana na utafiti uliogharamiwa na serikali ya Japan na kusimamiwa na chama cha wanaredio wa nchi hiyo, JARL, na kanuni zake zilichapishwa. Ila katikati ya kanuni hizo kuna chipu ambayo mtu hana budi kuinunua bila kuelezwa kilichomo. Mtindo wa DMR, ambao kanuni zake zilitolewa na taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, mwaka 2005, haukutaja kodeki, lakini watengenezaji walikubaliana kutumia AMBE ya aina ya pili. System Fusion ya Yaesu, iliyotokea mwaka 2013, ilifuata njia iyo hiyo. Basi kuna mitindo mitatu isiyosikilizana, na yote mitatu hulipa kodi katika mlango mmoja.

Chukua mfano wa mwalimu wa fizikia anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi sauti inavyogeuka kuwa namba. Ataeleza maikrofoni, ataeleza mawimbi, ataeleza antena. Afikapo kwenye kodeki atanyamaza. Na mwalimu wa Kiswahili akimwuliza kama mashine hiyo hutofautisha vyema *dh* na *z*, au *gh* na *g*, hatakuwa na la kumjibu, wala hataweza kuifungua programu akairekebishe. Huko ni kutumia, na kutumia si kujifunza.

Watetezi wa mitindo hiyo wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Wanasema kwamba hakuna mwanaredio aliyewahi kuchimba madini na kujitengenezea transista. Sote duniani, wasema, hununua vitu vilivyofungwa. Wanaongeza kwamba DMR hupitisha mazungumzo mawili kwa pamoja katika njia ya kilohezi 12.5, kwamba redio zake za mkononi zimekuwa rahisi, na kwamba siku ya mafuriko hakuna anayeuliza hataza ni ya nani. Hoja ya mwisho ni ya kweli kabisa. Ile ya transista haisimami. Tabia za transista zimo katika kila kitabu cha ufundi, na anayeijua aweza kuitumia kwa jambo ambalo mtengenezaji hakuliwaza. Chipu ya AMBE hufanya jambo moja tu, na kwa namna ile ile aliyoitaka mwenyewe.

Yasemwa pia kwamba mambo ya kisasa ni mazito mno, na kwamba mtu wa ridhaa hawezi tena kuyatunga. Jibu la dai hilo ni FT8. Mtindo huu ulitolewa mwaka 2017 na Steve Franke pamoja na Profesa Joseph Taylor wa Princeton, yule yule aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua nyota mbili zizungukanazo, mojawapo ikipiga mapigo ya redio. Mtu aliyezoea kutafuta minong'ono ya nyota aliuleta ujuzi huo katika redio ya ridhaa. Ujumbe wa FT8 una biti 77, nao hupelekwa kwa zamu za sekunde 15 katika upana wa hezi 50 tu. Ndani ya upana wa kawaida wa sauti, ujumbe huo husomeka hata nguvu ya makelele inapoizidi nguvu yake mara 100. Programu yake ni huria, na mwaka 2020 watungaji walichapisha maelezo kamili katika jarida la QEX. Wako wazee wa redio wanaolalamika kwamba katika FT8 kompyuta ndizo zizungumzazo, na binadamu hukaa pembeni wakinywa chai. Lalamiko hilo lina haki yake, maana ujumbe wa biti 77 hauna nafasi ya kumjulia mtu hali. Hata hivyo kijana akitaka kujua kila biti imetoka wapi, anaonyeshwa.

Katika sauti nako njia iliyo wazi ipo. Bw. David Rowe, mhandisi wa Australia, alitunga Codec 2, kodeki huria isiyodai ada kwa mtu ye yote, ambayo aina zake nyingine hutosheka na biti 700 kwa sekunde. Juu ya msingi huo ilijengwa FreeDV, iliyotolewa mwaka 2012 kwa ajili ya masafa mafupi, na baadaye M17, iliyoanzishwa nchini Poland mwaka 2019 kwa ajili ya redio za mkononi. Ukweli usemwe: sauti ya biti 700 haipendezi masikioni, na redio za M17 ni chache madukani zikilinganishwa na za DMR. Lakini dosari za kitu kilicho wazi huonwa na wengi na hurekebishwa na wengi. Hata fedha zimepatikana. Mwaka 2019 shirika la Marekani linalosimamia anwani za intaneti zilizotengewa wanaredio wa ridhaa tangu zamani liliiuzia Amazon anwani zipatazo milioni nne, na sehemu ya mapato hayo imekwenda kuwasaidia watungaji wa M17 na FreeDV.

Upande wa data una jambo jingine la kuangaliwa zaidi na watumishi wa serikali. Kanuni za ITU zakataza vituo vya ridhaa vya nchi mbalimbali kuwasiliana kwa msimbo uliokusudiwa kuficha maana. Kwa muda mrefu ulinzi wa kanuni hiyo haukuigharimu serikali kitu, kwa kuwa wanaredio walisikilizana wao kwa wao, na aliyekwenda kinyume alijulikana. Pactor ilipobuniwa Ujerumani, ikatokea mwaka 1991, ilikuwa ya wazi. Aina zake za baadaye zahitaji modemu ya kampuni moja. Kwa modemu hizo mabaharia wa mashua ndogo hupeleka barua kutoka bahari kuu, na mwaka 2017, kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico, serikali ya Marekani ililegeza masharti kwa muda ili Pactor ya nne itumike katika uokoaji. Faida hiyo haikanushiki. Lakini jirani asiye na modemu hiyo husikia mlio tu. Hajui kama ni salamu za baharia, ni biashara, au ni jambo baya zaidi. Mabishano juu ya suala hilo yalidumu miaka mingi mbele ya tume ya mawasiliano ya Marekani. Novemba 2023 tume hiyo iliondoa kikomo cha zamani cha alama 300 kwa sekunde na kuweka mahali pake kikomo cha upana cha kilohezi 2.8. Uamuzi huo ulikuwa wa haki kwa ufundi mpya, ila suala la nani aweza kusikiliza haukuligusa.

Na suala hilo halitasubiri. Mwaka 2019 Ufaransa ilipendekeza, katika chombo cha mawasiliano cha nchi za Ulaya, kwamba masafa ya megahezi 144 hadi 146 yachunguzwe kwa matumizi ya ndege. Masafa hayo ni ya ridhaa, na ndiyo yenye pilikapilika nyingi kuliko mengi. Pendekezo halikupita. Litakapoletwa jingine, wanaredio wataulizwa wanafanya nini katika masafa hayo ambacho simu ya mkononi haifanyi, na jibu la kwamba wamenunua redio za kidijitali na kuongea halitamtosha mhandisi wa wizara ye yote.

Sheria za Marekani zina kifungu ambacho wagawaji wa leseni kwingineko wangefanya vema kukiazima na kukikaza: mtindo wa kidijitali huruhusiwa iwapo maelezo yake ya ufundi yamechapishwa hadharani. Kukikaza kuna maana ya kutaka maelezo hayo yatoshe kumwezesha mtu wa tatu kuujenga mtambo wake na kuusoma ujumbe. Mitindo iliyopo isipigwe marufuku kwa siku moja, kwani watu wametumia fedha zao kihalali. Ila vituo vipya, na hasa vya shule na vyuo, vingeanza na vilivyo wazi.

Kwa shule za Afrika ya Mashariki vifaa vya kuanzia si vya kubuni. Satelaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba mitambo ya redio ya ridhaa iitwayo QO-100, ya kwanza ya aina hiyo kukaa mahali pamoja angani. Iko juu ya ikweta katika longitudo 26 mashariki, karibu na utosi wa Kisangani, na Afrika ya Mashariki yote huiona mchana na usiku. Kuisikiliza kwahitaji dishi la kawaida la televisheni, LNB yake, kompyuta, na kipokezi kidogo cha kuchomeka. Mmoja wa mitambo hiyo hupitisha televisheni ya kidijitali ambayo kanuni zake za urushaji zimechapishwa, kwa hiyo mwanafunzi aweza kuifuata kutoka kwenye dishi mpaka kwenye picha, hatua moja baada ya nyingine. Akijaribu kufanya hivyo kwa sauti ya DMR, hatua moja ya katikati itabaki tupu katika daftari lake.