Majina Yaliyopita Forodhani

Mahindi hayakutoka India. Jambo hilo lilidhaniwa limekwisha kujulikana, lakini makala tatu kati ya zilizoletwa kwa ajili ya toleo hili zimejengwa juu ya hoja ileile: kwamba zao hili ni la Bara Hindi, na shahidi ni jina lenyewe. Mwandishi mmoja alikwenda mbali zaidi, akaisimamisha historia nzima ya kilimo cha mwambao juu ya herufi saba za neno hilo. Makala hizo zimerudishwa kwa wenyewe kwa heshima, na neno hili la mhariri linaeleza kwa nini.

Kosa la waandishi hao si la uvivu. Wamefanya kazi, wamesoma kamusi, wameuliza wazee. Wamelikosea jina kwa kuliuliza swali lisilo lake. Jina la mahali likikaa ndani ya jina la mmea, mara nyingi halitaji udongo ulioutoa mmea huo. Linataja mkono wa mwisho ulioukabidhi, au bandari ya mwisho uliyopita. Ni stakabadhi ya forodhani. Anayeisoma kama cheti cha kuzaliwa atapotea, na atawapoteza wanafunzi wake.

Mahindi yenyewe yatoe ushahidi. Wakulima wa bonde la mto Balsas, kusini mwa Mexico, ndio walioyapata kutokana na nyasi ya mwitu iitwayo teosinte, miaka 9,000 hivi iliyopita. Baada ya mwaka 1492 yalivuka Atlantiki, na kila yaliposhuka yalipewa jina la kwa wenzao. Waturuki waliyaita mısır, yaani Misri. Wamisri waliyaita mtama wa Sham. Waitaliano wakasema granoturco, nafaka ya Kituruki, na Wagiriki wakasema araposíti, ngano ya Kiarabu. Pwani ya Afrika Mashariki yakawa mahindi. Bara, kwa Wachewa wa Malawi, yakawa chimanga, neno ambalo wachunguzi wengi hulihusisha na Manga, jina litakaloelezwa hapa chini, kwa maana ya vitu vilivyopanda kutoka pwani. Mturuki anaonyesha Misri, Mmisri anaonyesha Sham, Mwitaliano anaonyesha Uturuki, Mswahili anaonyesha India, Mchewa anamwonyesha Mswahili. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama Mexico, na hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alimtaja yule aliyempa.

Kwa hiyo neno mahindi lina thamani kubwa kwa mwanahistoria, ila thamani yake iko kwingine. Linaeleza jinsi watu wa pwani walivyoufikiria ulimwengu wao wa biashara: kitu kigeni kikifika kwa tanga, India ilikuwa mahali pa kwanza pa kukihusisha nacho. Kuhusu nyumbani kwa mmea halisemi lolote.

Manga ni mfano mzuri zaidi, kwa sababu ndani yake kuna ukweli na mkanganyo pamoja. Kwa wazee wa pwani Manga ni Arabuni, hasa upande wa Maskati, walikotoka Wamanga kwa upepo wa kaskazi. Jina hilo limeganda kwenye vitu vingi: njiwa manga, jiwe la manga, pilipili manga, komamanga. Pilipili manga ni mmea utambaao wa misitu ya mvua ya Malabar, kusini-magharibi mwa India. Majabali makavu ya Maskati yasingeuotesha. Ulipita tu katika majahazi ya Manga. Komamanga ni kisa kingine. Watu wa pwani walikuwa na mkoma wao, mti wa jamii ya minazi uzaao koma. Lilipofika tunda geni la duara kutoka ng'ambo, wakaliita koma la Manga, na safari hii hawakukosea sana, kwani mikomamanga hulimwa tangu zamani kwenye matuta ya Jabal Akhdar huko Oman. Neno moja, Manga, kwenye pilipili ni njia na kwenye komamanga ni shamba. Anayetaka kanuni moja ya kufasiri majina yote ya namna hii ataikosa hapa. Kila jina lina kesi yake.

Bata bukini naye asisahaulike. Bukini ni jina la zamani la Madagaska, lakini bata huyo mkubwa wa kufugwa ametokana na mabata mwitu wa Ulaya na Asia. Kisiwa kilikuwa kituo tu.

Neno ambalo mhariri wa toleo hili angependa kila mwalimu wa Kiswahili alitumie darasani ni mdalasini. Lilizaliwa Uajemi, ambako dār ni mti na Chīn ni China: mti wa China. Waarabu hawana sauti ya “ch”, hivyo walipolichukua wakalitamka dārsīnī, China ikawa Sini. Kutoka kwao likafika pwani, “r” ikawa “l”, likavikwa kiambishi m- cha miti, likaingia katika ngeli ya mkarafuu na mwembe. Sasa litazame tena. Kiswahili kina “ch” ya kutosha; lau neno hili lingefika moja kwa moja kutoka kinywani mwa Mwajemi, Mswahili asingekuwa na sababu ya kuiacha. Hiyo “s” ndiyo muhuri wa forodha ya Waarabu, na umebaki ukisomeka hadi leo. Na juu ya yote, mdalasini bora kabisa, ule wa gome jembamba, asili yake ni Sri Lanka, si China. Mchina ana mti wake wa jamii hiyohiyo, wenye gome nene zaidi. Katika silabi tano hizo zimo Uajemi, China na Arabuni, na nchi inayoutoa mti wenyewe haimo.

China hiyohiyo imejificha mahali pengine, palipo wazi zaidi. Sinia la pilau, linalowekwa katikati ya watu sita kwenye harusi, ni ṣīniyya ya Waarabu: kitu cha Sini. Chombo kilianza kama kauri ya Kichina, kikaishia kuwa duara la shaba, kisha la alumini, na jina likakifuata. Wanaoona ajabu kwamba China imeingia katika msamiati wa jikoni wakatazame vipande vya kauri za Kichina vilivyofukuliwa Gedi na Kilwa, au nguzo za makaburi ya Kunduchi zilizopambwa kwa vyombo hivyo. Neno na kigae ni ushahidi wa biashara ileile.

Hapa jarida hili lina lalamiko, na litalitoa bila kuzunguka. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na kuhaririwa upya baadaye, ilifanya jambo jema kuweka vifupisho vya lugha chimbuko pembeni mwa vidahizo. Lakini kifupisho kimoja kinachosema “Kiarabu” kina kasoro ileile ya waandishi wa mahindi: kinasimama kwenye bandari ya mwisho na kuiita nyumbani. Msomaji anaambiwa neno ni la Kiarabu na anafunga kitabu. Padri Charles Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1930, alijitahidi kufuatilia maneno na mimea zaidi ya hapo. Karibu miaka 90 baadaye mwanafunzi wa Kiswahili bado hana, kwa lugha yake mwenyewe, kamusi kubwa ya chimbuko la maneno inayomwonyesha safari nzima. Hilo ni deni la vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, na halilipiki kwa makongamano.

Neno bunduki limewagawa wasomaji wa awali wa toleo hili, na mgawanyiko huo una faida. Wapo wanaolitoa Venice, kwa kuwa Waarabu huuita mji huo al-Bunduqiyya, na Venice ilikuwa tajiri wa biashara. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayasimami. Kiarabu bunduq ni njugu ya duara iliyoitwa na Wagiriki njugu ya Ponto, kwa jina la mwambao wa kusini wa Bahari Nyeusi. Njugu ikatoa jina la gololi ya udongo iliyorushwa kwa upinde, na gololi ikatoa jina la silaha. Uthibitisho uko katika jina la Sultani Baybars al-Bunduqdari, aliyetawala Misri kutoka 1260 hadi 1277, kabla bunduki ya baruti haijawa silaha ya majeshi ya huko: nisba yake inahusu mbeba upinde wa gololi. Neno lilikuwapo na kazi lilikuwa nayo kabla ya mtutu. Mwambao wa Ponto sasa ni sehemu ya Uturuki, na njugu hizo bado zinavunwa huko, Ordu na Giresun.

Dola ya fedha nayo ni mji. Inatokana na thaler, sarafu ya fedha ya Joachimsthal, ambao leo ni Jáchymov katika Jamhuri ya Cheki. Dola kwa maana ya serikali ni neno jingine, la Kiarabu, na kufanana kwao ni bahati tu. Vivyo hivyo zanjabili, yaani tangawizi, haihusiani na Zanzibar, ingawa hadithi hiyo inasimuliwa kila siku: jina la visiwa ni la Kiajemi, pwani ya watu weusi, na jina la kiungo lina mizizi katika lugha za Bara Hindi.

Upande wa pili wa jambo hili haujaandikwa vya kutosha, nao ni pale Kiswahili kilipokataa jina la mahali. Mkwaju ni mti wa Afrika. Waarabu waliita tunda lake tamr hindi, tende ya India. Wazungu wakalichukua jina hilo, na mwaka 1753 Linnaeus akalikaza kwa kuuandika Tamarindus indica, India mara mbili katika jina moja la mti usio wa India. Mswahili, aliyekuwa akila ukwaju kabla ya majina hayo, hakubadilisha kitu.

Mkonge unafanana na kisa hicho. Dunia inaujua kwa jina la Sisal, bandari ndogo ya Yucatán nchini Mexico ulikopakiwa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa Kikokwe, Pangani, ilikuwa 62. Kutokana nayo yalitoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Majina ya kampuni na bodi yakaandikwa kwa Kiingereza na bandari ya Mexico ndani yake, lakini mkata mkonge alikwenda shamba kukata mkonge, kwa jina ambalo pwani ilikuwa tayari ikiuita mmea wa porini wenye nyuzi kama hizo. Wanaosema Kiswahili ni ghala la maneno ya kuazima wana la kujifunza Tanga.

Kati ya makala za toleo hili, ile ya nguo inaihusu merikani, kitambaa cha pamba chenye jina la Marekani, na ndiyo ndefu kuliko zote. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, balozi Richard Waters akafika Unguja mwaka 1837, na pamba ya viwanda vya Massachusetts ikawa fedha ya misafara hadi Tabora na Ujiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikaukata mzigo huo. Mwandishi anaonyesha vizuri jinsi viwanda vya Bombay vilivyoziba pengo bila jina kubadilika: merikani ikaendelea kuuzwa, imefumwa India. Ni mahindi tena, kinyume chake.

Makala ya ua la Usambara inakumbusha kwamba Wajerumani huliita Usambaraveilchen hadi leo, wakati Waingereza wamelimezea ndani ya Afrika nzima. Makala ya mchele inaanzia Mwea, ambako pishori bado inabeba jina la Peshawar, na kuishia Kyela. Ile ya majina yaliyokwenda njia ya kinyume, kutoka mti hadi mji, kama Mikumi iliyoitwa kwa mikumi yake, ni fupi na ni nzuri.

Toleo lijalo litaendelea na mada hii, na wasomaji wanaombwa kuleta majina yanayotumika sokoni kwao: ya ndizi, maembe, mchele, maharage, mihogo na vitambaa, yaliyobeba jina la kijiji, wilaya au nchi, kama wa Unguja wanavyosema boribo muyuni. Kila jina liandikwe pamoja na mahali linaposemwa, umri wa anayelisema, na kile yeye mwenyewe anachokijua kuhusu mbegu ilikotoka. Mambo hayo mawili, jina na mbegu, yaandikwe katika mistari tofauti.