Makaburi ya Frere Town na Mchezo wa Mafumbo

Katika ada yetu ya vitendawili, anayeshindwa kutegua hudaiwa mji. Hutoa Lamu, hutoa Malindi, na mtegaji akisharidhika ndipo hufumbua fumbo lake. Nililikumbuka jambo hili majuzi, pale mwalimu mmoja wa shule ya sekondari, rafiki yangu wa siku nyingi, aliponijia na shauri lililonitia wasiwasi: ataka kuwapeleka wanafunzi wake makaburini, huko Kisauni, wakacheze.

Mchezo wenyewe ulianza Marekani mwezi Mei mwaka 2000, mara tu serikali ya nchi hiyo ilipoondoa kizuizi kilichokuwa kikipunguza usahihi wa ishara za setilaiti kwa watu wa kawaida. Bwana mmoja, Dave Ulmer, alificha ndoo katika jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake, akawaalika watu waitafute. Msako huo ukaitwa jiokashi, ukaenea duniani. Katika aina yake ya mafumbo, mchezaji hapewi nambari za mahali. Hupewa maswali, naye huziokota nambari mwenyewe kutoka vibao, majengo na mawe ya makaburi, akajumlisha na kutoa hadi ajue hazina iko wapi.

Nilimuuliza rafiki yangu kwa nini asiwapeleke Ngome ya Yesu, ambako kuna vibao na waelezaji. Akanijibu kwamba wanafunzi wake wanaijua Ngome, lakini hupanda matatu Kengeleni kila siku bila kujiuliza ni kengele gani iliyopaita mahali pale jina.

Naam, jibu hilo lilinigusa. Kengele hiyo ni ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari wa CMS mwaka 1875 ili kuwapokea watu waliookolewa utumwani. Kilipewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa baharini. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi Juni mwaka huo huo. Kengele iligongwa kuita watu na, kama isimuliwavyo, kuwaonya wanakijiji kila walipohofia kuvamiwa. Kanisa la Emmanuel, lililojengwa katika miaka ya 1880, lipo hadi leo. Makaburi nayo yapo.

Hebu tuone fumbo lingekuwaje. Upande wa Nyali, karibu na maji, liko kaburi la Rosina Krapf, mkewe Johann Ludwig Krapf, aliyefariki Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Kitoto chake cha kike kilifuata baada ya siku chache. Mwanafunzi aambiwe: toa mwaka wa kaburi hili kutoka mwaka wa kuanzishwa Frere Town. Atapata 31. Kwa mchezaji wa kawaida, hiyo ni nambari tu ya kumfikisha kituo kinachofuata. Kwa mwalimu, hapo ndipo somo linapoanza. Katika miaka hiyo 31 kulitokea nini? Krapf alikwenda Rabai, ambako yeye na Rebmann walifungua kituo chao mwaka 1846. Kamusi yake ya Kiswahili, iliyoegemea Kimvita, ilichapishwa mwaka 1882, baada ya yeye kufariki. Na muda huo wote majahazi yaliendelea kupakia watu.

Aidha, iko faida ya hisabati. Dakika moja ya latitudo ni takriban kilomita 1.85, na sehemu moja ya elfu ya dakika ni chini ya mita mbili. Mwanafunzi akikosea tarakimu ya mwisho atakuwa pembeni kidogo tu ya lengo. Akikosea tarakimu mbili nyuma yake, atajikuta karibu mita 185 mbali, pengine uani kwa watu. Uvivu wa kusoma jiwe huonekana papo hapo, bila kalamu nyekundu ya mwalimu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, unadai mafunzo ya namna hii hasa.

Hata hivyo, wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza: je, makaburi ni uwanja wa michezo? Kwetu pwani mtu akipita makaburini huteremsha sauti, awe Mwislamu au Mkristo. Sikubaliani na wanaoiita hofu hii ushamba. Yako makaburi ambayo hayafai kuchezewa kabisa, hata kwa jina la elimu. Feri ya Mtongwe ilipozama tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walipoteza maisha, na wengi wa waliofiwa wangali hai. Mtu akitunga kitendawili juu ya kaburi la msiba ule, atakuwa amekosa utu. Mahali ambapo bado pana mwenye kulia, watu huenda kutoa pole.

Lakini kaburi la karne moja na nusu lina hatari nyingine, nayo ni kusahauliwa. Ardhi ya bara ya Mombasa, kutoka Kisauni hadi Likoni na Changamwe, imepanda bei, na kiwanja kisicho na mwenye kukizuru huonekana mbele ya macho ya mwenye tamaa kama kiwanja kitupu. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 ipo, lakini sheria haina miguu. Anayejua kwamba hapa amelala fulani ndiye atakayepiga kelele siku tingatinga litakapofika.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nilimwambia rafiki yangu, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Mafumbo haya hutegemea maandishi. Lakini ni nani aliyechongewa jiwe? Ni mmishonari na mkewe, ni mchungaji, ni mwenye jamaa wa kumgharimia. Mtu aliyetolewa jahazini akiwa mtoto, akapewa jina jipya, akalima shamba la misheni hadi kufa, huenda amelala chini ya nyasi bila hata herufi moja. Matthew Wellington, mmoja wa waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani, alizaliwa akiitwa Chengwimbe. Historia inamjua kwa majina yote mawili kwa sababu alibahatika kuulizwa kabla ya kufariki mwaka 1935. Wangapi hawakuulizwa? Msako ukifuata mawe peke yake, utawafundisha watoto wetu kwamba asiyeandikwa hakuwako.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Kituo kimoja cha msako kisiwe na jiwe lolote. Kiwe ni baraza ya mzee wa Frere Town, kizazi cha waliokombolewa, na nambari ya kuendelea ipatikane kwa kumsikiliza: babu yake alitokea wapi, na nyumbani aliitwa nani? Mwanafunzi asiye na adabu ya kuamkia na kukaa kitako hatapata jibu, na hatafika mwisho.

Masharti mengine ni mepesi. Ruhusa iombwe kwanza kwa kanisa, kwa wazee na kwa Makavazi ya Taifa. Pasichimbwe kitu, wala pasiwe na mtu wa kukalia kaburi. Simu iwe moja, mkononi mwa mwalimu. Hazina yenyewe isifichwe makaburini, bali maktabani mwa shule, nayo iwe daftari ambalo kila kundi litaandika jina moja lililogundua na jinsi lilivyoligundua. Baada ya miaka kumi tutakuwa na kitabu cha Frere Town kilichoandikwa na watoto wa Kisauni.

Rafiki yangu alikubali, ingawa alinung'unika kwamba nimemwongezea kazi. Nami namuunga mkono sasa bila wasiwasi. Wafu wa Frere Town wametutegea kitendawili kwa muda mrefu. Tusipokitegua tutadaiwa mji, na safari hii mji wenyewe ni huu tunaoukalia.