Tunapima Mzigo, Tupime na Breki

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, na wote mnaokula kwa jasho la barabara,

Lori linalotoka Tunduma kwenda Dar es Salaam hupita mizani baada ya mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka gari na tela lake, pamoja na mzigo, visizidi tani 56, na mwenye gari anayezidisha hutozwa faini. Ni sawa kabisa, maana barabara ni mali yetu. Lakini mizani hutuambia lori lina uzito gani, haituambii kama lina nguvu ya kuusimamisha uzito huo. Hilo la pili tumemwachia dereva peke yake, usiku, juu ya mlima.

Matokeo tunayajua. Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni mkoani Arusha, lori ambalo polisi walisema lilifeli breki liligonga magari mengine, na watu 25 wakafariki. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani nchini Kenya, lori lilipoteza mwelekeo likawaparamia abiria na wachuuzi kandokando ya barabara. Waliokufa walizidi 50. Sisi wa Mbeya hatuna haja ya kwenda mbali. Aliyelelewa Mbalizi anajua kwa nini mama humshika mtoto mkono akisikia honi ndefu ikishuka kutoka Iwambi.

Mimi ni fundi wa breki. Nimelala chini ya malori kwa zaidi ya miaka ishirini, mengi yakiwa makuukuu, na wito wangu ni mmoja: lori lisishuke mlima kabla breki zake hazijakaguliwa, na kila mmoja wetu ashike sehemu yake ya kazi hiyo.

Tunasema breki zimefeli, kana kwamba ni jambo la ghafla kama radi. Sivyo. Breki za upepo hutoa taarifa siku nyingi kabla. Wengi wetu tunajua kwamba upepo ukiisha, springi za handibreki hulikamata gari lenyewe, basi tunajipa moyo. Lakini mlimani mara nyingi upepo haujaisha. Dereva anatazama geji, mshale uko juu, anakanyaga, na gari halishiki. Kinachotokea ni hiki: dramu ikipata moto hutanuka na kujitenga na lainingi. Kama ajasta, ule mkono unaokaza breki, imelegea, fimbo ya busta inayosukumwa na upepo hufika mwisho wa safari yake kabla lainingi haijabana sawasawa. Lainingi yenyewe ikishachemka hupoteza ukali. Na handibreki anayoikimbilia dereva hutumia lainingi zilezile na dramu zilezile. Hakuna breki nyingine iliyofichwa mahali.

Kwa hiyo, ndugu dereva na ndugu utingo, kabla ya safari, na tena juu ya mlima Kitonga kabla hamjaanza kuteremka, fanyeni haya. Hayahitaji mashine, yanahitaji masikio, mikono na kabari nne.

Gari likiwa limepoa, fungueni mitungi ya upepo itoe maji. Yakitoka maji yenye mafuta mengi, kompresa imechoka, mwambieni tajiri. Kisha jazeni upepo mpaka mwisho, wekeni kabari kwenye matairi, achieni handibreki, zimeni injini. Mmoja akanyage breki kwa nguvu dakika nzima, mwingine azunguke akisikiliza. Kwa lori lenye tela, mshale ukishatulia baada ya kukanyaga, ukishuka tena zaidi ya robo ya bar ndani ya dakika hiyo, kuna mahali panapovuja. Washeni swichi bila kuwasha injini, kanyageni na kuachia mara nyingi: king'ora au taa ya upepo mdogo lazima iamke mshale ukikaribia bar 4. Kama imekaa kimya, mmepoteza rafiki wa mwisho.

Sasa jazeni upepo tena, na kabari zikiwa bado mahali pake, ingieni chini mkavute kila ajasta kwa mkono. Ikicheza zaidi ya inchi moja pale inapoungana na fimbo ya busta, imelegea, ikazwe. Kila tairi, na tela pia. Tela ndilo linalosahaulika, na ndilo linalomsukuma mwenzake shimoni. Lainingi iliyobaki chini ya milimita 6 ibadilishwe. Iliyolowa mafuta ya habu isioshwe kwa petroli ikarudishwa, ibadilishwe pande zote mbili za ekseli, na sili inayovuja itengenezwe kwanza.

Baada ya mteremko mdogo wa kwanza, simameni mahali salama, msogeze kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Tairi lililo baridi halikufanya kazi. Linalowaka kuliko wenzake linafanya kazi ya wenzake. Hapo mmejua ugonjwa uko wapi, kabla mlima haujawauliza.

Na mkianza kushuka, chagueni gia nzito mapema, palepale juu. Kanyageni kwa nguvu mpaka mwendo upungue, kisha achieni dramu zipumue. Msiburuze breki mlima mzima, na msiweke gia huru ili kuokoa mafuta. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne.

Mafundi wenzangu, nasema nanyi kwa uchungu maana nasema na nafsi yangu. Mwaka mmoja lililetwa kwangu lori lenye busta ya tela inayovuja. Mzigo ulikuwa umechelewa, spea haikuwepo, simu ya mwenye gari ikalia: ziba mpira wa upepo wa busta hiyo, gari lifike. Nikaziba. Lori lile lilifika salama, na huko kufika ndiko kulikonitia hatiani, kwa sababu safari iliyofuata walirudi wakaomba nizibe mwingine, wakinikumbusha kwamba mara ya kwanza hakuna kilichotokea. Siku hiyo nilikataa. Nilipoteza mteja, sikupoteza usingizi. Tuwekeane ahadi gereji zote, kuanzia Tunduma hadi Ruaha Mbuyuni, kwamba hakuna mpira wa breki utakaozibwa ili lori lipakiwe. Fundi mmoja akikataa, dereva atavuka barabara kwa fundi wa pili. Tukikataa wote, tajiri atanunua busta.

Matajiri, tunajua gari kuukuu ndilo lililowasomeshea watoto, na hakuna anayewadharau kwa hilo. Lori la miaka 25 lenye breki nzima ni salama kuliko jipya lisiloguswa. Tunachoomba ni kwamba dereva akisema gari haliko sawa, asijibiwe kwa kutishiwa kazi. Nanyi wafanyabiashara wenye mzigo, ongezeni nusu siku katika ahadi mnazowapa wateja. Haraka yenu ya ofisini humfikia dereva mlimani ikiwa uzito juu ya uzito.

Abiria na wananchi mnaokaa chini ya miteremko, ninyi pia mna kazi. Ukiona lori linatoa moshi matairini au ukinusa harufu ya lainingi inayoungua, mpungie dereva asimame. Huenda yeye hajainusa, upepo unairudisha nyuma. Na katika mikutano ya mitaa na vijiji tusimame tudai mambo matatu: sehemu pana ya kuegesha malori juu ya kila mteremko mkali ili ukaguzi uwezekane, njia za dharura zenye changarawe za kulimezea lori lililoshindwa, na magulio yahamishwe kutoka pale mlima unapoishia. Mama ntilie na wa bodaboda wasiwe ndio ukuta wa kuzuia tani 56. Diwani atasikia tukisema wengi, na mara kwa mara.

Tuanze na kilicho mikononi mwetu. Jumapili hii, malori mengi yanapopumzika, kila chama cha madereva, kila gereji na kila kituo cha malori kiite watu wake, wachukue lori moja kuukuu, waliwekee kabari, na wapite hatua hizi pamoja mpaka utingo mdogo kuliko wote aweze kuzifanya peke yake. Mimi geti langu litakuwa wazi tangu saa moja asubuhi, bila malipo. Njooni na malori yenu, njooni na wanenu wanaojifunza kazi. Mizani itaendelea kupima kinachobebwa. Kupima kitakachokisimamisha, hilo tulichukue sisi.