Vijana wa Bugomora, Mtindo Wenu ni Upi?

Msimu wa kahawa ukiisha, harusi hapa kwetu Bugomora hufuatana hata Jumamosi zikawa haba. Maturubai hufungwa, spika hupangwa, na kijana mmoja mwenye kompyuta hutupigia nyimbo za Dar es Salaam, za Kampala na za Afrika Kusini mpaka usiku wa manane. Tunacheza na tunafurahi. Lakini muda wote huo hakuna mkono hata mmoja unaogusa uzi wa gitaa wala ngozi ya ngoma. Jambo hili linanihuzunisha, na sitalinyamazia.

Wakongwe wa muziki wa dansi walikuwa na sheria isiyoandikwa: bendi isiyo na mtindo wake si bendi. Western Jazz walikuwa na Saboso. Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata. Atomic Jazz ya Tanga ilijitambulisha kwa Kiweka. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, iliita mtindo wake Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Msikilizaji wa Radio Tanzania aliitambua bendi kwa magitaa tu, kabla mtangazaji hajaitaja.

Wapo watakaosema kwamba hata hao waliiga. Ni kweli, waliiga. Walisikiliza santuri za Kuba, wakasikiliza rumba ya Kongo, wakajifunza vidole kwa vidole. Lakini walichokopa walikilipa kwa riba: walitia Kiswahili chao, wakatia mapigo ya ngoma za kwao, mpaka kitu kikawa kipya. Kuiga ni mlango wa kuingilia katika sanaa. Kosa letu ni kulala mlangoni.

Hata hivyo, tusiwatwishe vijana lawama zote. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, na Vijana Jazz ilikuwa chini ya umoja wa vijana. Ala zilikuwa mali ya taasisi, na mpigaji alikuwa na ujira, hivyo akapata nafasi ya kufanya mazoezi. Taasisi zilipojitoa, ala zilichakaa, na chipukizi wakakosa pa kujifunzia. Ulaya nako kuna kilio kama hiki: Rolling Stones, walioanza mwaka 1962, walitoa albamu mpya mwaka 2023, huku wapenzi wa roki wakiuliza bendi changa ziko wapi. Ugonjwa huu basi si wetu peke yetu, lakini sisi dawa tunayo nyumbani.

Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika Karagwe mwaka 1861, alikuta ngoma zikirindima kwa Mfalme Rumanyika mwezi ulipoandama. Katika nchi hii yetu ya Kagera, mpiga enanga alikaa na mti wake uliochongwa kama hori, akasimulia mashujaa usiku kucha kwa nyuzi chache na sauti yake. Tena mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Kihaya, aliimba Maria Salome kwa lugha ya mama yake, na nchi nzima ikacheza bila kuelewa maneno. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akiwa na Rayvanny, aliurudia wimbo huo katika Salome. Mtu mwenye studio na fedha za jiji alikuja kuchota Kagera! Sisi tulio kando ya kisima tunanunua maji.

Basi tufanye nini? Vyama vya msingi vya kahawa vitenge sehemu ndogo ya mapato ya msimu, vinunue magitaa mawili, besi, ngoma na vipaza sauti, na ala hizo zikae mahali pamoja kwa matumizi ya vijana wote wa kata. Makanisa yenye vinanda yafungue milango siku za kawaida, wala si Jumapili tu. Wenye harusi watoe walau saa moja kwa wapigaji wa hapa, na wawalipe, maana kipaji nacho hula.

Nanyi vijana, msisubiri ala zije. Mtafuteni mzee anayejua enanga, mkae miguuni pake, mjifunze anavyokaza nyuzi na anavyovuta pumzi kabla ya ubeti. Kisha mhamishie mapigo hayo kwenye gitaa, mtunge kwa lugha yetu ya Kinyambo au kwa Kiswahili habari za Mto Kagera, za kahawa, za mapenzi yenu wenyewe. Mtindo huo mkiupata, upeni jina. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Msimu ujao, katika harusi ya kwanza nitakayoalikwa, nitawaomba wenye shughuli hiyo saa moja. Nataka nikipewa, niwe na watu wa kuwapandisha jukwaani.